Maksi Kumi za Somo la Maji

Madam Ternise Joasil hakujua kukaa. Kiti chake cha mkuu wa shule kina miaka sita na bado kipya, maana yeye kutwa nzima ni barazani, huku na huko, akisikiliza madarasa yakikariri Kifaransa. Kule milimani Haiti watoto hucheka, hugombana na kuomba chakula kwa Kikrioli. Kifaransa hukikuta shuleni, nao hukimeza kama dawa.

Ijumaa, Odeline wa darasa la nne alikariri somo la maji bila kukosea hata silabi. Mwalimu Wilner akampa kumi kwa kumi. Ternise akapiga makofi.

Jumatatu Odeline hakuonekana. Moyo wa Ternise ukakataa kutulia. Akafunga ofisi, akapanda kilima hadi kwao. Lo! Mdogo wa Odeline kalala mkekani, anaharisha tangu jana, macho yamezama, na dada mtu anamnywesha maji ya mtoni.

"We mtoto! Umeyachemsha?"

"Niyachemshe ya nini, madam?"

"Si ulikariri Ijumaa? Tena neno kwa neno!"

Odeline akamkodolea macho. "Kumbe ndicho nilichokuwa nasema?"

Ternise alitamani ardhi ipasuke immeze. Akambeba yule mdogo mgongoni mwenyewe mpaka zahanati. Kesho yake mtoto akaomba uji, watu wakashusha pumzi. Ternise hakushusha. Alimwahi Wilner darasani kabla ya kengele.

"Leo somo la maji ni kwa Kikrioli."

"Madam, unataka tufunge shule? Wazazi wanataka Kifaransa. Wakisikia, watawatoa watoto."

"Wawatoe! Hukuona nilichokiona mimi. Kifaransa watajifunza, ila kwanza waelewe."

Akasimama mbele ya watoto arobaini, akaeleza kwa lugha ya nyumbani.  Mkono mmoja ukanyanyuka, kwa woga. "Madam, yakishatokota niyaache muda gani?"

"Na mkaa ukiisha je?" akadakia mwingine.

"Na ya mvua?"

Wakawa wanapandiana sauti, hata kengele haikusikika.

Wilner alikuwa kasimama mlangoni, chaki mkononi. "Madam," akasema taratibu, "nafundisha mwaka wa kumi na moja huu. Sijawahi kuulizwa swali."