Chupa ya Ini Tumboni

Miaka ile mamluki wa kizungu walipotamba visiwani kwetu, nilikuwa fundi wa maabara Moroni. Daktari wangu, Mfaransa mpole, alitaka kuotesha virusi vya homa ya ini. Virusi hivyo haviishi popote tu. Vinataka seli za ini la mtu, zilizo hai, zenye joto la mwili. Seli tulikuwa nazo, safi, hazijatiwa virusi, zimetandaa ndani ya chupa bapa ya plastiki. Umeme ndio hatukuwa nao. Kabati la joto lilipopoa kwa mara ya tatu, daktari alisema, "Hospitali ya Mutsamudu, kile kisiwa kingine, ina jenereta nzuri. Joto la njiani utalitoa wewe."

Nikaifunga chupa tumboni kwa kanga, nikajitanda shuka la shiromani juu yake, nikapanda meli.

Bandarini Mutsamudu mamluki mmoja mzungu alikuwa akipekua abiria. Mkono wake uliponikaribia, nikashika tumbo.

"Taratibu," nikamwambia kwa Kifaransa.

Akawa mwekundu hadi shingoni. Akanibebea begi, akawafokea wapagazi wanipishe. "Una miezi mingapi?"

"Ndiyo kwanza," nikasema. Seli zilikuwa na siku nne.

Nilichosahau ni kwamba mmoja wa wapagazi wale alikuwa binamu ya mume wangu. Vichochoro vya Mutsamudu ni vyembamba, lakini habari hazijibani. Nilipomaliza kuiweka chupa kabatini, mama mkwe alikuwa mlangoni pa maabara na bakuli la uji, machozi yakimtiririka. Kwa miaka sita alikuwa akiomba mjukuu.

Nikamshika mkono, nikamwonyesha chupa. Akaiinamia.

"Ndiye huyu?"

"Ndiyo, mama. Ni ini la mtu."

"Litakuwa mtu?"

"Hapana. Tutalitia ugonjwa."

Akavuta kiti, akakaa. "Mwanangu, wamekusomesha kupita kiasi," akasema, akaanza kuunywa uji mwenyewe.

Virusi tulivitia. Kwa wiki tatu havikuota hata kidogo. Kilichoota ni ukungu, tena kwa bidii, ukazila seli zote. Mama mkwe, ambaye kila Ijumaa aliniuliza hali ya ini, alikuja na sinia la wali, akanipa pole, akakaa kando yangu kama watu wakaavyo msibani. Nilitaka kucheka. Nikaona nimeanza kulia, naye akanimegea samaki.