Ngoma Ilipopasuka Uwanjani

Ngozi ya ngoma ikipashwa moto hutoa harufu ya nywele zilizoungua na mafuta ya ng'ombe. Juzi jirani alikuwa anapasha ngoma yake kwa moto wa vijiti vya pamba, nami nikaacha kuchambua mchele, nikakaa tu.

Nilikuwa mdogo. Baada ya mavuno ukoo mzima tulihamia uwanja wa mashindano ya ngoma. Tulilala palepale kwenye vibanda vya nyasi, juu ya ngozi za ng'ombe, vumbi mpaka ndani ya ugali. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, na kinachovuta watu wengi ndicho kimeshinda. Chetu, kilichocheza na majembe mikononi, kiliongozwa na shangazi yangu, mwanamke asiyependa mchezo.

Mchana wa mwisho ngoma yetu kubwa ikapasuka. Watu wote wakatukimbia, wakaenda upande wa pili.

"Nyie nendeni mkalale!" wakatuzomea.

Wachezaji wetu wakainama kuvua njuga.

"Nani kawaambia mvue?" shangazi akauliza. "Shikeni majembe. Limeni."

Wakaipiga ile ardhi kavu wote kwa pamoja, du, du, mpaka nikaisikia kwenye nyayo. Yeye akaimba huku akilima nao. Watu wakaanza kugeuza shingo, kisha miguu, na uwanja wote ukahamia kwetu. Sijaona tena mtu kama yule.

Kiongozi wa wale wengine akaja amebeba ngoma yake mwenyewe.

"Mayu, mama yetu, pokea hii mpige. Kule tumebaki na mbwa tu."

Shangazi hakuacha kulima. "Kaa nayo, baba. Hawa wameshazoea jembe."