Sapo ya Kwenda Kuoa

Mwanzoni mwa miaka ya themanini, duka la kijiji chetu pale Karatu lilikuwa na rafu, muuzaji na inzi. Sabuni hakuna. Shangazi akanunua mafuta ya ng'ombe kibudu aliyefia Olbalbal kwa ukame, akayachemsha na maji ya majivu. Kikatoka kitu cha kijivu, kinavutika kama kamasi, kinanuka panya aliyeoza. Tukakiita sabuni, kwa heshima ya marehemu.

Mimi shule niliishia darasa la sita, lakini nilikuwa nafagia kanisani, basi nikajiona nusu padri. Padri mwenyewe, mzee wa Kiitaliano, alipoinusa ile sabuni alirudi nyuma hatua mbili.

"Hilo neno lenu, sabuni, ni la kwetu," akaniambia. "Kilatini ni sapo. Waarabu wakalichukua, wakawaletea nyinyi. Ila sapo ya kwanza haikuwa ya kuogea. Ilikuwa mafuta na majivu, watu wanapaka nywele."

Hapo ndipo nilipoharibika. Jumapili ile nilikuwa naenda Qurus kwa baba wa binti niliyemposa, kusikia jibu, na mafuta ya nywele nayo yalishaadimika. Nikajipaka sapo kichwa kizima, nikapitisha na chanuo.

Njiani jua likaiyeyusha. Ikashuka masikioni, ikaingia mdomoni. Ladha yake ninayo mpaka leo: chumvi, moshi, halafu utumbo wa juzi. Ngozi ya kichwa ikawaka. Inzi wa dukani nadhani wote walihamia kwangu.

Baba wa binti akanipokea kofia yake ikiwa puani. "Umepitia machinjioni, mwanangu?"

"Hapana mzee. Ni sapo. Kilatini."

"Basi Kilatini kikae kule, upepo unakoelekea."

Nikajikuna. Nywele zikatoka fungu zima, zimegandana kama kinyesi cha mbuzi. Nikatapika pale pale uani kwake, nikajua posa imekwisha.

Sauti ya binti ikatoka jikoni. "Baba, mpe kwanza maji, ndiyo umpe jibu."

Alinimiminia mwenyewe, kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa puani.

Nyumbani kwetu siku hizi sapo siyo sabuni wala mafuta. Ni mtu anayejifanya anajua. Watoto wanawaita hivyo majirani, majirani wanamwita mwenyekiti. Mke wangu yeye ana mmoja tu.

"Sapo," ananiambia, "kaoge."