Chafya Iliyopeperusha Maganda

Mama Gundi alikuwa na sharti moja kazini: mezani, mmea mmoja. Kwa miaka ishirini na sita alilivunja mara moja tu. Kazi yake ilikuwa kubandika mimea iliyokaushwa kwenye karatasi ngumu, ihifadhiwe kwa wataalamu. Maganda ya mbegu yaliyodondoka aliyatia kwenye kibahasha pembeni. Siku hiyo aliyovunja sharti, akapiga chafya.

Na chafya gani hiyo, jamani! Mezani palikuwa na mimea miwili ya milimani, midogo kama kidole gumba, ya ukoo mmoja na haradali. Inafanana kama mapacha. Anayetaka kuitofautisha huangalia maganda. Maganda yakapeperuka yote. Akayazoa kwa brashi, akayagawa kwa kukisia, akanyamaza kimya. Nani angejua?

Leo profesa mgeni alikuwa ameinamia karatasi mojawapo ya zile mbili na lenzi yake, saa nzima. Mara akaruka kitini.

"Majani haya, halafu maganda yaliyojipinda! Mmea huu haujapata kuandikwa popote. Tutaupa jina la aliyeuleta."

Aliyeuleta ni mume wa Mama Gundi. Miaka arobaini alipanda milima na begi mgongoni, watu wakimcheka eti anamchumia punda majani. Sasa magoti hayamtaki, lakini jana alisikia kwamba profesa anashuku mmea wake mmoja ni mpya, basi akaja, koti limepigwa pasi, akakaa kwenye benchi nje ya mlango. Asubuhi alimtania mkewe, "Nikishapewa mmea wangu, uniamkie kwa heshima."

Mama Gundi akaikumbuka ile chafya, akaomba lenzi. Chini ya jani moja palikuwa na ganda changa ambalo halikuachia kikonyo, na lilikuwa limenyooka kama sindano. Lahaula! Yale ya kujipinda yalikuwa ya mmea wa pili. Profesa hakuliona hilo ganda. Ukucha mmoja tu ungetosha kulibandua.

Ukucha ukafika juu ya jani. Profesa alikwisha kufungua kalamu.

"Usiandike," Mama Gundi akasema. "Kosa ni langu." Akamweleza yote, tangu chafya hadi brashi.

Profesa akainua jani kwa koleo ndogo, akatazama, akafunga kalamu. "Kumbe ni ule tunaoujua," akasema.

Nje, mzee akasimama kwa taabu. "Haya, nipe habari."

"Nimekuharibia, mume wangu." Akamsimulia, machozi yakimtiririka.

"Wewe? Mimea miwili mezani?" Mzee akang'aka. "Haraka ya nini?"

"Ni siku ile ulipoanguka bafuni. Nilitaka nimalize mapema nikupeleke hospitali."

Mzee akakaa tena. Akafungua vifungo vya koti, kimoja kimoja. Mama Gundi hakuthubutu kumgusa.

"Basi nishike mkono," mzee akasema mwishowe. "Ngazi ni nyingi."