Mayai ya Bukini Kwenye Upepo wa Makambako

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shamba la misheni nje kidogo ya Njombe, Sista Meneja hakunionyesha ofisi. Alinipa yai la bata bukini lililokataa kutotoa, akaniamuru nilivunje. Kifaranga alikuwa amekamilika, manyoya na mdomo, amekufia kwenye majimaji.

"Kafa kwa nini?"

"Kwa baridi, Sista."

"Kazama. Nani kawaambia yai linaogelea?"

Njombe ukungu hautupungukii, lakini wafugaji waliona kwamba bukini ni ndege wa maji, basi mayai yake waliyalowanisha asubuhi na jioni. Kumbe yai hutakiwa lipoteze maji kidogo kidogo, ili chumba cha hewa, ile nafasi ya upande butu, kipanuke na kifaranga apate pumzi. Tulikikagua kwa kumulika yai na tochi. Unyevu tuliupima kwa vipimajoto viwili, kimoja kikifungwa utambi uliolowa. Vikitofautiana sana, hewa ni kavu. Sista alikuwa mkali kama pilipili kichaa, nami nilimpenda.

Serikali ilipobinafsisha mashamba yake na kupunguza wataalamu, wafugaji walibaki kujitegemea. Misheni ikanituma Makambako kuwasaidia waliototolesha nyumbani. Kule upepo haupumziki, na tatizo letu likageuka kuwa ukavu.

Mzee Salumu, msafirishaji, alikuwa na bukini jike aliyelinda yadi kuliko mbwa. Lori lake mwenyewe likamkanyaga likirudi nyuma. Yakabaki mayai.

"Bwana Mifugo," aliniambia, "mbegu hii aliniachia marehemu mama. Haya yakiharibika, imekwisha."

Tukayaweka kwenye mashine ya kutotoleshea, sanduku lenye taa ya mafuta, na sinia ya maji chini. Baada ya juma la kwanza tuliyapoza kidogo kila siku na kuyanyunyizia maji ya uvuguvugu, maana bukini mwenyewe hurudi kiotani na manyoya mabichi. Maganda yalipoanza kutoboka niliongeza unyevu, nikakataza kifuniko kisiguswe. Mvuke ukitoka, utando wa ndani hukauka ukambana kifaranga.

Lakini habari ya uzazi haifichiki. Majirani na madereva walikuja kutoa hongera, na kila mmoja alifunua achungulie. Nilipofika, utambi wa kipimajoto ulikuwa mkavu na kifaranga mmoja alikuwa amenata, amekufa. Nilikasirika.

"Mzee, hongera hizi zinaua!"

"Sasa nitamfukuzaje mtu aliyekuja kwa heri?"

Mkewe, Mama Salumu, akatundika kanga mlangoni. "Mzazi yuko ndani, hajatoka arobaini," aliwaambia wageni. "Chai iko uani." Hakubisha hata mmoja. Nani atamvamia mzazi?

Nikalowanisha utambi, nikabadilisha maji, tukasubiri. Kesho yake wengine wote walitoka wazima. Mzee Salumu, mwenye sauti ya kusimamisha lori, alikaa sakafuni akalia waziwazi. "Vya mama hivi," alisema.

Sasa nimestaafu, na sina ninachoidai kazi ile. Vijana huniuliza unyevu uwe kiasi gani. Nawajibu wapime hewa ya kwao kwanza, kisha wawapime na majirani.

Mzee Salumu ametangulia mbele ya haki. Juzi nilikwenda kumsalimu mjane wake. Sijamaliza kupiga hodi, kundi la bukini likanitokea, shingo zimenyooka, likaning'ata suruali.

"Wasamehe, Bwana Mifugo, hawakujui!" Mama Salumu alipaza sauti jikoni.

Nilikimbia mpaka barabarani, uzee huu na yote, nikicheka.