Jiko la Bomba la Baba

Mpaka leo nikipita Gerezani nikasikia mafundi wanagonga bati, kichwa huanza kuniuma. Sauti ile hunirudisha uani kwetu Kariakoo, miaka ya foleni za dukani, baba yuko juu ya paa la jiko na mkasi wa bati, anasonya.

Tulikuwa wapangaji: vyumba sita, familia sita, na jiko moja la uani lililojaa mafiga. Ya mama yalikuwa kwenye kona, ukuta mweusi kwa masizi. Mafuta ya taa yalikuwa hayapatikani, kila mtu alipikia kuni, na kuni zenyewe mbichi. Macho ya mama yalikuwa mekundu Jumamosi mpaka Ijumaa, na jambo hilo lilimkera sana baba. Zamani alimpikia Mzungu mmoja kule Lushoto, akaona jiko la chuma limepachikwa ndani ya meko ya ukutani, yale ya kuota moto, bomba linatoa moshi nje na mpishi hakohoi. Akaapa mama atapata la kwake.

Basi tulitaabika, jamani. Fundi alilichonga kwa pipa la lami, likawa pana kuliko kona. Likapunguzwa, likawa linacheza. Baba akaziba mianya kwa udongo wa kichuguu na majivu, ukakauka, ukapasuka. Akatoboa paa. Siku ya kwanza moshi ukagoma kupanda, ukaturudia wote, na Mama Zuhura, mpangaji wa chumba cha mbele, akakimbia na sufuria yake ya uji huku anacheka na kukohoa kwa pamoja. Baba akaongeza kipande cha bomba. Mvua ikanyesha, maji yakapita pembeni ya bomba yakazima moto. Mimi niliyekuwa nabeba udongo nililichukia jiko lile kabla halijachemsha hata chai.

Hatimaye likakubali. Moshi ukapanda, macho ya mama yakatakata, baba akawa anatembea uani mikono nyuma kama bwana shamba. Alitoa amri moja tu: mlango wa lile jiko la chuma usifunguliwe ovyo, moshi usije ukarudi.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Viberiti navyo vilikuwa adimu, na mama ndiye aliyefukia makaa kwenye majivu kila jioni. Alfajiri wanawake wa nyumba nzima walimjia na vigae kuomba moto. Walichutama pale, wakipuliza na kupashana: duka limeshusha sabuni, unga wa njano unaingia kesho, fulani kajifungua. Jiko la baba lilivuta hewa na kula kuni zote. Asubuhi ukikuta kitu ndani ni majivu matupu. Wanawake wakahamia kwenye mafiga ya Mama Zuhura. Mama akabaki anapika ameuelekea ukuta, macho makavu, peke yake.

Ramadhani ilipokaribia, Mama Zuhura aliingia uani na mfuko wa sukari.

"Kumbe nyie hamkwenda dukani?" alishangaa kwa dhati. "Si tumezungumza asubuhi pale motoni!"

Nyumba nzima ilipata sukari isipokuwa sisi. Nilikasirika mpaka nikalia.

Kesho yake baba alipokwenda kazini, mama alijifunga kanga kiunoni, akang'oa bomba, akalisukuma jiko nje na kuyarudisha mafiga yake. Baba aliporudi alisimama mlangoni, kofia kichwani.

"Na macho yako, Mama Mwanaidi?"

"Macho ni yangu, Baba Mwanaidi. Niwie radhi."

Hakugomba. Alikaa barazani mpaka isha, nami nilimwonea huruma hata nikamchukia mama. Alfajiri vigae vilirudi, na vicheko navyo. Kuku wakahamia ndani ya lile jiko, wakawa wanatagia humo.

Miaka ikapita, macho ya mama yakafifia mpaka yakazima. Hospitali walisema tumechelewa. Nilikuwa na nyumba yangu wakati huo, jiko la gesi, na hasira zangu zilezile. Nilimwambia wazi kwamba heri angemsikiliza baba. Nikaenda kumuuguza, lakini sikupata hata nafasi ya kumnawisha uso. Kila asubuhi ilisikika hodi: huyu kaleta uji, yule kamfulia kanga, Mama Zuhura mwenyewe anajikongoja, anamweleza nani kaoa na nani kafa. Ndipo nilipoelewa kwamba mama hakuwa mkaidi. Aliogopa kuachwa, na mbele ya jiko la baba alikuwa ameanza kuachwa.

Lakini hasira haikuniisha. Nilitaka avipate vyote viwili, watu na macho.

Siku moja wageni walipoondoka, mama aliniinamia akaninong'oneza, "Mwanangu, hivi baba yako ameota mvi?"

Baba alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango. Alisikia. Aliinuka polepole, akavua kofia, akauchukua mkono wa mama na kuuweka kichwani kwake.

"Zote," alisema.