Vitambaa vya Kanga Kwenye Mianzi

Sitaki pole ya mtu. Somo lile nililichagua mwenyewe, kwa kalamu yangu, nilipokuwa mwaka wa pili kwenye chuo chetu cha kilimo huko vilimani nje ya Mbeya. Wenzangu walijaza ujasiriamali na usimamizi wa miradi, masomo yanayopendeza kwenye barua ya kuomba kazi. Mimi nikajaza Mianzi na Matumizi Yake. Mwenzangu wa chumbani alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani umekuja chuo kusomea ulanzi? Si ungebaki tu kwenu Iringa ukaunywa?"

Nilikuwa na sababu. Mama yangu ni mgema: hukata ncha za machipukizi ya mianzi na kukinga maji yake, ndiyo ulanzi. Shamba la mianzi aliloachiwa na bibi ndilo lililonisomesha, na shamba hilo lilikuwa linakufa. Kila msimu wa mvua machipukizi yalitoka machache kuliko mwaka uliopita, tena membamba. Nilitaka kujua kwa nini, na nilitaka kujua kabla halijaisha.

Ofisi ikasema wanafunzi wawili hawatoshi. Tusipofika saba, somo linafutwa. Nikazunguka bweni kwa bweni kama muuza karanga. Niliwaahidi watu safari ya mazoezi hadi kwetu, upande wa Tosamaganga, na ulanzi mtamu wa asubuhi, ule usiolevya. Tukafika saba. Mhadhiri wetu, mtu wa mjini ambaye hajawahi kugema hata siku moja, alifurahi kupata shamba bila kuhangaika. Kwa hiyo ndiyo, mimi ndiye niliyewapeleka. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kumbe mama alikuwa ameshaanza tiba yake mwenyewe. Mwaka ule alichagua machipukizi tisa yaliyonona, akayafunga vitambaa vya kanga iliyochakaa. Kwetu chipukizi likifungwa halikatwi. Linaachwa likue liwe mwanzi mzima, lizae mengine. Hata anayejifunza kugema leo analijua hilo. Alinieleza siku tulipofika, tukiwa jikoni, mimi nikisuuza vikombe vya wageni.

"Nimejinyima hayo tisa," alisema. "Tuone mwakani."

Nilikuwa bado na kikombe mkononi tuliposikia vicheko shambani.

Chuoni, mhadhiri alikuwa na desturi yake: mmea wa kufanyia zoezi hufungwa utepe. Muhula mzima tulikuwa tumekata kila kilichofungwa. Basi wenzangu walipoona vitambaa, wakadhani mwenyeji amewaandalia. Mhadhiri naye akadhani hivyohivyo, akagawa visu. Hakuna aliyepiga hatua thelathini kuja jikoni kuuliza. Nilipofika, yote tisa yalikuwa yamekatwa, mengine chini kabisa, hovyo hovyo, kama nyasi za mbuzi. Msichana mmoja alikuwa ameshika kipande anapigwa picha.

Niliwatukana. Niliwatukana kwa Kihehe, mhadhiri akiwemo, maana Kiswahili hakikunitosha. Mama akanishika mkono.

"Acha, mwanangu. Ni wageni hao."

Akawamiminia ulanzi. Wakanywa, wakamsifu, wakamwachia kofia ya chuo. Nilimkasirikia mama kwa upole ule kuliko nilivyowakasirikia wao.

Ripoti nilipewa mimi niiandike, kwa kuwa shamba ni la kwetu. Niliandika yote: yalikatwa mangapi, na nani, na yalikuwa yamefungwa kwa nini. Mhadhiri akaniita ofisini. Hakufoka. Alisema ukurasa ule si sayansi, ni majungu, niuondoe. Na pale penye sababu za shamba kudhoofika, niandike kwamba wenyeji hukata machipukizi bila mpango. La sivyo hasaini. Bila saini yake ningefeli somo nililolipigia debe mwenyewe.

Nikauondoa. Nasema wazi, sikubishana hata kidogo. Niliketi maktaba mchana uleule nikachapa upya, nikapanga na vichwa vya habari vizuri. Nikapata A.

Likizo ilipofika, ripoti ilikuwa bado kwenye begi langu. Mama hasomi vizuri, lakini aliiona picha ya shamba lake kwenye jalada, akaitoa, akaipangusa kwa kanga, akaniwekea kigoda uani. Akataka nimsomee yote. Nilisoma haraka haraka, nikiomba maneno ya kitaalamu yampite. Yeye alikuwa ananoa kisu chake cha kugemea, anaitikia kwa kichwa, anatabasamu kila nilipotaja mianzi. Nilipofika kwenye ile sentensi sikuweza kuiruka, maana macho yake yalikuwa usoni kwangu.

Akaacha kunoa.

"Hao wenyeji," akauliza, "ni akina nani?"